Swali la Akinyi

Alhamisi

Na bado sijui kama nilimjibu vizuri.

Leo nilienda Katito kumwona Akinyi, mmoja wa watoto ninaowafuatilia katika utafiti wangu. Alizaliwa na mgongo wazi, mishipa ya fahamu ya miguu ikiwa imeharibika, nami nikaufunga kwa ngozi na misuli ya ubavuni mwake. Sasa ana miaka minne. Kovu limepona vizuri, halina kidonda. Nilifurahi mno, nikaanza kulipiga picha.

Mama yake akanishika mkono. "Daktari, mgongo ni mzuri. Lakini huyu mtoto kila siku ananiuliza atatembea lini. Leo akuulize wewe."

Akinyi akajiburura kwa mikono hadi miguuni pangu, akauliza.

Ningeweza kusema Mungu ndiye anayejua. Nikamwambia ukweli: miguu yake haina nguvu, haitatembea yenyewe, lakini tutaitafutia vyuma vya kuishikilia ili asimame.

Akafikiri. "Vyekundu?"

"Vyekundu," nikasema. Mama yake akageukia ukutani, akajifuta macho kwa leso.

Sina hakika hata kama vyekundu vinapatikana.

Nimerudi Kisumu kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilitaka kumsimulia mtu habari za leo. Nikapitia majina yote kwenye simu, nikaiweka chini. Baadaye ikalia. Alikuwa Mama Akinyi.

"Daktari, umefika salama? Umekula?"

Nikamwambia nimekula, ingawa sijapika kitu. Akaniaga, akakata. Nikabaki nimeishika simu sikioni.