Wanaokubaliana naye wasimame

Shoga, acha unachofanya unisome. Mwenzangu wa chumbani, kiongozi wa darasa letu, leo kaumbuka mbele ya mkuu wa idara. Na tuliomuumbua ni sisi!

Si unajua mhadhiri wetu hajaingia darasani wiki tano? Sisi ndio tuliomsukuma akatusemee. Mtu ambaye mwaka wa kwanza aliogopa hata kuitikia jina lake! Jana kashinda mbele ya kioo anajifunza la kusema.

Na kalisema, hakubabaika hata kidogo. Mkuu akavua miwani, akasema, "Haya. Wanaokubaliana naye wasimame."

Hakusimama mtu. Watu arobaini, shoga! Hakusimama hata mmoja!

Mwenzangu akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikajifanya natafuta kalamu kwenye mkoba.

Akamwambia mkuu taratibu, "Basi mwalimu, andika jina langu tu."

Sasa yuko chumbani. Mimi nipo hapa mlangoni robo saa nzima, ufunguo mkononi. Niingie nimwambie nini?

Mungu wangu, kasikia ufunguo wangu. Ananiuliza kutoka ndani kama nimekula.