Mdalasini Kwenye Mchuzi wa Samaki

Ngorongo, bonde la Rufiji
Mfungo Pili, 1323

Kwa mama yangu kipenzi, Bi Johari binti Mwinjuma, Bagamoyo.

Shikamoo, mama. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima, goti limepoa na usingizi umerudi. Mimi mwanao Kibwana ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mwalimu Abdala, atakayekusomea, nampa salamu zake, na namwomba asiendelee mbele mpaka shangazi Mwanamina awe amekaa karibu yako.

Najua utauliza kwanza nimekula nini, maana mwanao unamjua. Tangu uliponituma nimfuate Tamimu, ukaniambia nisirudi bila yeye, sijalala mahali pamoja usiku wa pili. Nikikaa, miguu inawasha. Nikitembea, nahisi nachelewa. Njaa peke yake ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha, na kila aliyenipa chakula nilimuuliza habari za ndugu yangu.

Nilianzia visiwani kwenye mikoko, Rufiji inapomwagikia bahari, kwa mkata boriti mmoja aitwaye Bushiri. Huko wanakula kaa wa matopeni, wakubwa kama kufuli la ghala, wanachemshwa kwa maji ya bahari na kupasuliwa kwa jiwe. Nilimaliza wangu na nusu ya wa mwenyeji kabla sijakumbuka kuuliza. Bushiri akaniambia kijana wa Bagamoyo alipita kabla ya vita, anatafuta mpunga, akapanda na mto. Akanishauri nirudi nyumbani, kwani huko juu kunawaka moto. Nilimshukuru nikaondoka mikono ikinuka kaa.

Kibiti nilikuta milango mingi imefungwa. Bibi mmoja alinipa ugali wa muhogo na kisamvu kisicho chumvi, maana chumvi haipiti tena njiani. Pale kwake akaja mtu mwenye kibuyu, akanikaribisha ninywe ile dawa ambayo watu wote wa huku wanaizungumzia. Anayeinywa, alisema, risasi za Wajerumani zikimfikia zinageuka maji. Nilinusa. Yalikuwa maji ya mto yenye punje za mtama. Mimi nisiyekataa kikombe cha mtu nilikataa kile, na hata sasa sijui kama ilikuwa akili au woga. Yule mtu hakukasirika. Alimpa bibi akanywa.

Mahege ndiko nilikoiona njaa yenyewe. Ghala zilichomwa na askari, watu wanachimba ming'oko porini, vimizizi vyembamba wanavyochemsha na kuvimenya kwa meno. Ni vitamu, mama, vina ladha ya udongo na maziwa, ila tumbo halidanganyiki. Mwanamke mmoja, Siti, alinigawia vyake pamoja na togwa kidogo. Katika mazungumzo akacheka, akasema kuna msafiri alimpa kijiti cha mdalasini akamwambia akitie kwenye mchuzi wa samaki. Yeye alikitia kwenye uji.

Niliruka. Nani mwingine pwani hii anayetia mdalasini kwenye samaki isipokuwa wewe, unayechekwa na mtaa mzima? Siti akanionyesha njia ya Ngorongo. Nikaondoka na ming'oko mkononi.

Niliingia Ngorongo baada ya adhuhuri, nikakuta watu wamekusanyika kwa Mzee Sadala na mkewe, Bi Tabu. Wametoka kusoma hitima. Huku mgeni anayepita kwenye hitima huvutwa mkono akaketi, wala haulizwi jina mpaka amekula na kunawa. Nami sikuuliza ni hitima ya nani. Nilikuwa na njaa, na sinia lilikwisha kufika.

Ulikuwa wali, mama, wali wa mchele uliofichwa ardhini usionekane na askari, na juu yake kambare kwa tui. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni nikaupata mdalasini. Moyo ulinipaa. Nilisema kimoyomoyo, Tamimu yumo humu, yuko jikoni anawaamrisha watu. Nilikula kama mtu aliyefika kwao. Niliongeza. Nilikuwa natabasamu peke yangu mbele ya watu waliofiwa. Kisha mdomo wangu huu, unaoujua, ukamwambia Bi Tabu kwamba mchuzi ni mzuri ila kijiti kimekaa mno. Mama yetu hukitoa kabla tui halijachemka.

Bi Tabu akashusha upawa. Kutoka ndani, nyuma ya kiambaza, nikasikia sauti ya mwanamke ambaye sikuwa nimemwona.

"Mama, muulize mgeni huyo, mama yake ni nani."

Nikakutaja jina, mama. Na kule ndani kilio kikaanza.

Shangazi, mshike mkono. Tamimu amefariki. Ilikuwa arobaini yake, nami niliila nikaomba kuongezewa.

Alimwoa binti yao, Mwamini, wakati wa mavuno, akingoja njia ifunguke amlete kwako. Vita vilipofika, shemeji zake walikunywa yale maji. Yeye hakulazimishwa na mtu. Walimwambia wewe ni mgeni, baki na wanawake kwenye dungu, kule juu wanakolindia mpunga. Akawajibu kwamba amekula wali wao msimu mzima, hataweza kukaa nyuma. Akanywa, akaenda nao, risasi ikampata siku hiyohiyo. Walimbeba mpaka nyumbani, akaoshwa, akavikwa sanda, akasaliwa. Kaburi lake nimelishika kwa mkono wangu. Samaki yule walimpika kwa sababu ndicho chakula alichokitamani kila siku, na kwa kuwa hawakujua njia ya kuwafikia ndugu zake, waliwalisha wapita njia.

Nilitaka kukipiga teke chungu chao. Nilitoka nikaenda mtoni, nikarudi, nikaenda tena. Mzee Sadala alinifuata, akawa anatembea nami. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mwanawe mmoja naye hajarudi. Niliona haya.

Mama, nina hasira nao na ninawapenda, na sijui niweke wapi mambo haya mawili. Lakini sirudi sasa. Askari wako karibu, watu wanalala porini, na Mwamini yumo ndani ya eda, hawezi kusafiri. Mwanamume wa upande wa Tamimu hapa ni mimi tu. Miguu yangu inaitaka njia kila asubuhi, nami naipeleka shambani kwa Mzee Sadala kupalilia. Eda yake haihesabiwi kwa miezi kama ya wajane wengine. Itakwisha siku atakayojifungua.

Anzeni matanga huko, na kama mchele umepanda bei, someni tu. Shangazi Mwanamina msalimie, na majirani wote, hata wanaokucheka. Mwamini anakuamkia kutoka nyuma ya kiambaza hapa ninapoandika. Anasema mtoto akija salama, jina ulitoe wewe, na asilitoe mtu mwingine yeyote.

Ni mimi mwanao,
Kibwana bin Mshamu