Jeneza Halichezewi, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu Kabula,

Anayeandika ni Mwalimu Neema, jirani yetu, maana mimi kalamu sijawahi kuishika. Lakini maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Unakumbuka siku uliyoondoka hapa Ilemela kwenda Dar kuigiza? Ulipiga goti ukasema, "Shikamoo, bibi." Nikageuza uso, nikaendelea kuparua samaki. Ukabeba mfuko wako ukaenda. Mwaka mzima shikamoo ile ilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Ndipo Mama Stella akanunua televisheni, antena akaifunga juu ya jiwe. Nikakuona! Nesi mwema, mtaa mzima unakupenda. Nikawaambia, "Huyo nimemlea kwa uji wa mtama."

Mpaka Jumapili ile wakakulaza kwenye jeneza, macho umefumba, na kovu lako la kidevuni linaonekana, la siku ulipoanguka maweni ukikimbia fimbo yangu.

"Bibi, ni mchezo tu," Neema akasema.

"Jeneza halichezewi! Nani hulala humo akiwa mzima?"

Nikapiga yowe. Wanawake wakaja na unga, wanaume wakawasha moto uani, nami nikanyolewa kichwa. Kabula, sikulia kifo tu. Nililia kwamba umekwenda bila kuitikiwa.

Kumbe Neema alikuwa amekutafuta kwa simu bila kuniambia. Kesho yake katekista akaja mbio: naitwa parokiani, kuna simu. Nikaiweka sikioni.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba! Marahaba! Marahaba! Hata paroko akacheka. Ukauliza, "Mbona unalia?" Nikakutukana matusi yote ninayoyajua, kisha nikakaa sakafuni.

Ule unga wa msiba tuliusonga ugali, tukala na vile visamaki vya furu, waombolezaji wanacheka mpaka wanapaliwa. Mama Stella peke yake bado amenuna: "Huyo mtunzi, kwa nini amuue nesi amwache yule mume wake mlevi?" Mimi mtunzi simlaumu. Yeye kakuua, mimi nimekupata. Tangu siku hiyo nalala usingizi wa mtoto mchanga.

Nasikia utapewa mchezo mwingine. Igiza, mama, sina kinyongo. Wakitaka ufe tena, ufe vizuri, nami nitalia na wenzangu. Ila tuma salamu kwanza.

Kaa na Mungu, na ule ushibe. Kwenye ile televisheni umekonda.

Ni mimi bibi yako, mwenye kipara.