Benchi la Mzee Mutua

Mjukuu wangu Wanjiku,

Mlio wa vizibo vya soda haujaniacha tangu ujana. Sisi hapa Buruburu hatujambo, na mama yako amepona kikohozi. Unauliza kwa nini uwanja wetu una viti vipya na benchi moja bovu.

Miaka ya tisini nilikuwa katibu wa klabu ya mpira. Mzee Mutua, mchonga vinyago, alikuwa na kayamba la vizibo, na shabiki hakuimba kabla hajalitikisa. Alipofariki tulimzika nalo. Nikapanga kuling'oa benchi bovu alilozoea kukalia, watu waketi vizuri.

Mechi iliyofuata uwanja ulijaa, ila benchi lile lilikuwa tupu. Mgeni mmoja akaketi, akaruka, akanigeukia.

"Siste, hapa pana mtu!"

"Si umemkalia Mzee! Muombe msamaha," mashabiki wakamcheka.

Timu ikaingia. Hakuna aliyeimba. Kisha vizibo vikalia, polepole, kutoka kwenye benchi. Kicheko kikakatika, na uwanja mzima ukaanza kuimba.

Niliwatazama nikaona kuwa hawakuwa wamefuata viti bali Mzee, nikaliacha benchi lake.

Juzi vijana wa klabu walikuja kuling'oa. Nimewarudisha, na mto wangu wa kukalia nimeshauhamishia pale. Sasa naketi kando ya Mzee.

Shosho wako