Mkono wa Rais wa Marekani

Mpwa wangu Nafula,

Hujambo, mama? Hapa Birmingham siku hizi watu hawaamui jambo bila kuniuliza mimi. Leo, mkahawani mtaa wa Balsall Heath, niliwaeleza watu jinsi rais wa Marekani alivyotubembeleza tulipopata uhuru, mpaka akampa babu yako mkono. Bibi mmoja Msomali wa Garissa akacheka: "Mkono gani, baba? Ile picha ya mikono kwenye magunia ya msaada wa Marekani?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nimeacha chai, nazunguka mvuani, situlii, maana kesho Wakenya wa mtaa wa Northfield wamenialika niwahutubie kuhusu mkono huo.

Mungu akutunze, wasalimie wote. Lakini wewe nikwambie kweli: gunia lilitufikia. Mama alinishonea kaptula ya shule kwa gunia hilo, na ile mikono ikawa inasalimiana makalioni.

Mjomba wako