Mbao za Uso Safi

Goma, Murara
Tarehe 19 Mei 2002

Kwa Viateur, mudogo wangu wa Kampala, mpendwa kwa sababu mama angali anakupenda,

Salamu. Wewe na Umuhoza, mchumba wako, mko wazima? Kile kikohozi chako kimepona? Nauliza kwa adabu tu. Sisi tungali hai, na waasi bado wamejaa barabarani. Anayekohoa sasa ni mama.

Nyumba tunayoijenga juu ya lava ya volkano, pale pale ya zamani ilipoungua, imepata bati. Lakini hiyo sakafu! Imenichosha roho.

Fundi Josias alituletea mbao za libuyu, troisième choix, yaani daraja la tatu, kavu, ngumu, za kutosha vyumba vyote. Wewe ukatuma neno: hutaki vifundo, hutaki rangi mchanganyiko, eti ni mbao mbovu, wakwe zako wakija kututembelea watakucheka. Zirudishwe, ije premier choix, daraja la kwanza. Haya, zikarudishwa. Hizo safi zikatosha salon peke yake, hapo pa kupokea wageni, kisha barabara ya Rutshuru inayoleta mbao ikafungwa. Zile tulizorudisha, watu wa Munigi wamekwisha kuzibeba.

Tangu Pasaka mama analala juu ya mawe, turubai na mukeka tu, huku salon yako inang'aa bila mutu wa kuikanyaga. Viateur, huna haya?

Choix ni ya sura! Wauza mbao wanatazama uso mmoja tu wa ubao. Ukiwa hauna vifundo, ni wa kwanza; ukijaa vifundo, ni wa tatu. Nguvu hawaipimi hapo, mti ni ule ule. Hata mimi muuza maharagwe naelewa, sembuse wewe na koti lako.

Juzi mama alikohoa mpaka akatapika. Nikamwita Josias na nyundo yake, tukang'oa mbao zote za salon yako. Na unajua upande wa chini kulikuwa na nini? Vifundo! Karibu kila ubao.

Tumezipigilia chumbani kwa mama, vifundo vikitazama juu. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Usiku huo alilala vizuri.

Shangazi Apolline anakusalimu, naye amenuna. Mama anakuombea Mungu akulinde njiani; yeye hajui kukukasirikia, ndiyo maana nakasirika kwa niaba yake.

Wakwe walete tu. Salon ni lava tupu. Mwambie Umuhoza avae viatu vigumu.

Dada yako, akupendaye kwa shida,
Uwingabire