Kule Kalunguta Hakukuwa Risasi

Bungulu, Beni
Juma la pili kiisha Pasaka

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Hii karatasi ikukute uko muzima, na ule mugongo wako ukuwe umekuachilia kidogo. Mama anaamuka namna gani na baridi ya Kipese? Batoto banasoma, ao masomo imefungwa tena juu ya kuogopa basoda na bunduki zao? Hapa ku soko ya Beni bamama benye kutoka kwenu banasema mvua imeozesha viazi mu mashamba. Nijulishe kama ni kweli, ao ni namna yao ya kupandisha bei. Mimi niko. Natembea na fimbo mbili, nakula. Mwenye nyumba yangu, Mzee Saidi, ni mutu wa dini ya Kiislamu, alikuwaka na kamyo zake mbele ya vita, na kila ijumaa hawezi kukula bila kunitumia sahani. Kwa mwili, sina kilio.

Yaya, kama kuna batu mu nyumba, kunja hii barua kwanza. Uisome peke yako. Kiisha utaona mwenyewe kile utamuambia Mama.

Unakumbuka siku ulipata habari kama kamyo yangu imeanguka. Balikuambia batu ba pori, bale baasi, balinipiga masasi kule Kalunguta, nikakatisha volan ya kamyo, Mungu akanitosha mu kifo. Ulisimama mu kanisa, mbele ya parokia nzima, ukashukuru. Uliniandikia yote, na namna bamama ba chama chenu balipiga vigelegele. Ile barua niliisoma ku kitanda ya hospitali, nikaikunja, nikaificha chini ya godoro. Sijaifungua tena mupaka leo.

Hakukuwa risasi, Yaya. Ata moja. Nilisinzia.

Nilikuwa nimetoka Lubero na maharagi, siku mbili mu njia, barrière kiisha barrière, kila pahali kushuka, kulipa, kungoja. Nilipofika Butembo, patron, mwenye kamyo, akasema chumvi na sabuni za Beni haziwezi kulala, niondoke ile ile siku. Musaidizi wangu alikuwa na malaria, akabaki. Donc nilikuwa peke yangu. Jua la saa nane lilikuwa linapiga mu kioo. Nilifunga macho kidogo tu, vile mutu anapepesa. Nilipofungua, mbele yangu kulikuwa migomba, hakukuwa barabara.

Kamyo ililala upande wangu. Kiuno cha kuume kikabanwa na bati. Balimaji ba pale balishuka mbio na majembe, bakavunja mulango, bakanivuta. Balinitengenezea tipoyi ya miti na bakanibeba mu mabega mupaka ku barabara. Mumoja alikuwa anatembea karibu ya kichwa yangu, anasema tu: “Hapana lala, shofere. Mimi naitwa Mbusa. Na weye, jina yako?” Nilimuambia jina yangu. Akaniuliza tena, na tena, kusudi nisifunge macho. Kila mara nilimujibu.

Patron alikuja kuniona ku hospitali ya Butembo siku ya pili, na karani wake mwenye daftari. Ku mulango musoda mumoja alisimama pamoja nabo.

“Kasereka,” patron akasema, “ni batu ba pori balikupiga, si ndiyo?”

Jibu lilikuwa tayari ndani ya ulizo lake. Nami nikafikiri: nikisema nilisinzia, hakuna patron ata mumoja ku Butembo mwenye atanipa tena kamyo. Miaka kumi na moja sikugonga ata kuku. Shofere mwenye kupigwa masasi banamuhurumia. Shofere mwenye kusinzia banamucheka mupaka bajukuu bake. Niliinamisha kichwa kusema ndiyo. Ni hivyo tu, Yaya. Sikutosha ata neno moja mu kinywa. Karani akaandika, akanipa kalamu, nikatia sinye yangu chini.

Juma lililofuata, infirmière mwenye kunibadilisha bandeji, binti wa Kalunguta, aliniambia bila kuniangalia: “Basoda balipanda kwetu. Balikuwa banatafuta bale benye balionekana karibu ya kamyo yako.”

“Balikamata nani?”

“Papa Mbusa. Bengine balikimbia.”

Nikageuza uso ku ukuta. Siku ile ningeweza kuita patron na kumuambia kweli. Sikumuita. Ata kesho yake sikumuita. Niliposikia kiisha miezi kama bamemutosha mu cachot ya basoda, nilisema mu roho: basi, imekwisha, mutu amerudi kwake. Hivyo ndivyo nilivyolala usingizi.

Sasa usikilize vile ilinirudilia. Patron alikuwa ametuandikisha, sisi bashofere bake, mu mutuelle moja ya batransporteur, chama cha kusaidiana. Contrat inasema mutu mwenye kuumia ku kazi, na hawezi kuirudilia, batamusaidia kila mwezi mupaka uzee. Mwanzo balinisaidia bila shida. Kiisha mwaka moja barua ikakuja: bamefunga dossier yangu, juu majeraha ya vita haiko mu contrat. Baliongeza kama mutu wa kiuno kibovu angali na mikono, atafute kazi ya kukaa.

Ule uwongo nilisema kusudi niokoe jina yangu, ndio bao balichukua, bakanifungia nao mulango. Nilicheka peke yangu mu nyumba. Kiisha nikalia, Yaya, mimi mutu muzima.

Mzee Saidi akanituma kwa avoka moja ku Butembo, wakili, Maître Kavira. Ni binti tu, sawa Kahindo wetu kwa umri, na bureau yake ni chumba moja nyuma ya parokia, anapiga mashini mwenyewe. Alisoma ile barua ya kukataa mara mbili, akasema recours, barua ya kupinga, lazima ifike mbele ya muda kuisha, akanituma kwa munganga aandike upya hali ya kiuno. Nikarudi Beni na furaha.

Juma mbili zikapita, akanikujia yeye mwenyewe hapa Bungulu, viatu vimejaa vumbi. Alikataa chai. Akakaa.

“Papa Kasereka, kamyo yako ingali mu kiwanja ya garage. Niliizunguka mara tatu. Nilipanda ata ndani. Niambie, risasi ilipita wapi?”

Nikasema ilipita mu kioo ya mbele.

“Kioo ya mbele ilivunjwa na mugomba. Majani yake kavu ingali ndani. Hakuna tundu mu kiti, hakuna tundu mu bati.”

Nikasema pengine balikosea, masasi ikapita juu. Hakukasirika. Aliweka kalamu chini.

“Mimi ni avoka wako, siko juge wa kukuhukumu. Mais siwezi kusimama mbele ya batu na maneno yenye weye mwenyewe huamini.”

Basi nikasema. Yote mara moja, sawa mutu mwenye kutapika: usingizi, migomba, karani, sinye. Ni yeye mutu wa kwanza kusikia. Nilingoja anidharau. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimelala saa ngapi ile juma, na kama niko na alama yoyote. Koti yangu ya kazi ilikuwa ingali inatundikwa ku musumari, na mu mufuko wake vikaratasi vyote vya barrière, kila kimoja na cachet yake, muhuri wenye siku na saa. Alivipanga ku meza, kimoja kimoja. Vilionyesha wazi siku mbili bila kulala.

“Kweli inaweza kukupatia ushindi,” akasema. “Kusinzia sababu ya kazi ni accident ya kazi, haiko vita. Mais utaisema na kinywa yako, mbele ya patron. Na ikishasemwa, itafika Kalunguta.”

Nikamuambia: “Basi, Maître, tuiachilie. Nitaishi tu.”

Alisimama, akafunga kifuko chake. “Dossier ya mutuelle, ni yako, unaweza kuiachilia. Na ule mutu mwenye alifungwa juu ya sinye yako, naye utamuachilia?”

Akaondoka. Siku tatu sikutoka mu nyumba. Mzee Saidi akafikiri malaria imenishika. Siku ya ine nikamuambia yeye pia, juu nilitaka kujua kama mutu anaweza kuisikia na bado anisalimie. Alienda kutafuta ufunguo wake. Kiisha akasema, “Panda mu gari, tunaenda kwa Maître.”

Mu salle ya mutuelle bazee batano balikaa nyuma ya meza. Patron alikuwa ku kiti karibu ya ukuta. Kwanza baliniambia nichuchumae. Nilijaribu, nikaanguka na mikono chini, Maître akaniinua na akasoma karatasi ya munganga. Kiisha mukubwa wao akanionyesha ile daftari ya karani.

“Hii sinye ni yako?”

“Ni yangu.”

“Na yenye imeandikwa hapa ni kweli?”

“Hapana. Ni uwongo. Nilisinzia.”

Mumoja kati yao akacheka. Nilijua atacheka, Yaya, nilikuwa nimemungoja ule mutu tangu siku ya hospitali. Kiisha Maître akapanga vikaratasi vya barrière mbele yao na kicheko kikakatika. Patron alisema, “Miaka kumi na moja nilikuamini.” Nikamujibu, “Ni kweli, patron.” Alitoka bila kunipa mukono, na mupaka leo tukikutana anaangalia upande.

Kiisha mwezi jibu likakuja. Bamekubali. Dossier imefunguliwa tena, bameandika invalidité, ni kusema kilema, ya kudumu, ya kazi. Chini baliongeza mustari moja wa kunikaripia juu ya uwongo. Maître alikuwa anasoma na furaha, na mimi sikujua niweke uso wangu wapi.

Nikaomba Mzee Saidi anifikishe Kalunguta. Tulimukuta Mbusa mu kiwanja yake anapukusa maharagi. Amekonda, na mabega yamepanda juu sawa ya mutu mwenye kungoja fimbo. Hakunijua.

“Mimi ni shofere wa ile kamyo,” nikasema.

“Kasereka,” akasema. Jina alikuwa analikumbuka.

Kiuno hakinikubali kupiga magoti. Nilimuomba musamaha nikiwa nimesimama, na fimbo mbili, na nilisema vile ilikuwa, bila kukata. Hakusimama. Mikono yake iliendelea kupukusa. Muke wake, mu jikoni, alikuwa ameacha kutwanga.

“Balinipiga siku tatu,” Mbusa akasema. “Balikuwa banauliza majina ya benzangu. Sikukuwa na benzangu. Kiisha niliwapa jina ya Katembo, shemeji yangu, juu ni jina lenye lilikuja ya kwanza mu kinywa. Alikimbia mbele ya kukamatwa. Muke wangu ananipikia, ananitandikia. Mais kuongea na mimi, hapana. Katembo ni kaka yake.” Akapukusa ganda lingine. “Weye umekuja kuniomba musamaha. Na mimi, nitamuomba nani?”

Mzee Saidi aliangalia chini. Ni muke wake, Kanyere, alitoka mu jikoni, akaniuliza mimi, siyo bwana yake: “Iko karatasi yenye kusema hivyo? Yenye cachet?”

Karatasi ilikuwako, cachet ilikuwa bado. Maître alikuwa ameandika attestation, kama hakukuwa shambulio na kama balimaji ba Kalunguta balisaidia tu mutu mwenye kuumia. Kiisha juma moja alienda nayo yeye mwenyewe kwa commandant wa basoda, akakaa ku benchi mupaka bakatia cachet na bakafuta mu orodha yao majina mbili: Mbusa na Katembo. Ule binti haogopi.

Yaya, ni hapa nafika ku sababu ya hii barua. Katembo hajui kama jina lake limefutwa. Ku Kalunguta banasema alionekana upande wenu, juu kule, analimia batu viazi na anatumia jina lingine. Ni mutu murefu, sikio la kushoto limepasuka chini, na analima na mukono ya kushoto. Kopi ya attestation iko mu hii enveloppe. Usimuite jina lake mu soko, atakimbia tena. Muambie polepole kama Kanyere, dada yake, anamusalimia. Kama hajui kusoma, umusomee. Na akikuuliza ni nani alianzisha haya mambo yote, usinifiche. Muambie: “Ni mudogo wangu.”

Najua nakuomba ubebe aibu yangu ku bilima, na weye ndiwe ulisimamaka mu kanisa juu yangu. Nakupa ruhusa ukasirike namna unataka. Mais umutafute kwanza, kiisha ukasirike.

Nisalimie Mama. Kama unaona moyo wake hautaweza kuisikia, ungoje nikuje nimuambie mwenyewe. Nisalimie shemeji Paluku, bwana yako, mwenye alinifundisha kushika volan. Yeye umuambie yote, ana haki. Nisalimie Kahindo wetu na batoto bake, na Mwalimu jirani mwenye kuwaandikia batu barua. Mzee Saidi anawasalimia ata kama hamumujui.

Uniandikie mbio, ata maneno mbili tu: ulimuona, ao haujamuona.

Mudogo wako,
Kasereka